Waombolezaji wa Risasi

Wapenda magari ya kale ya spoti wana maombolezo yao, na yamekaririwa mara nyingi hata yamekuwa kama hadithi kamili yenye wahusika, msuko na funzo lake. Husimuliwa katika mikutano ya vilabu, yameandikwa katika majarida na vitabu vya matengenezo, na mtu anaponunua gari lake la kwanza la namna hiyo huyarithi pamoja na ufunguo. Kiini chake ni hiki: zamani palikuwa na petroli nzuri, yenye risasi, iliyotengenezwa kwa ajili ya injini zetu, wakaja watu wasiojua lolote kuhusu magari wakaiondoa, na tangu siku hiyo injini zetu zinakufa polepole kwa kunyweshwa kinywaji kisicho chao. Nataka kuyapima maombolezo hayo kama mtu apimavyo kitabu: kipi ndani yake ni kweli, kipi ni chuku, na kipi kimeachwa nje.

Nayasema haya nikiwa ndani ya nyumba, si kama mpita njia. Gari langu ni MGB ya mwaka 1967, mojawapo ya zaidi ya magari laki tano ya jina hilo yaliyotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1962 na 1980. Lina viti viwili, kabureta mbili za SU, na injini ya sentimita za ujazo 1798 ambayo silinda hedi yake ni ya chuma cha kusubu. Hilo la mwisho ndilo kiini cha ugomvi wote, na nitalirudia. Kwa sasa itoshe kusema kwamba, kwa mujibu wa waombolezaji, gari langu ni mgonjwa wa kwanza katika wodi.

Tuanze na kilicho kweli, maana haki yataka hivyo. Risasi ilikuwa na kazi mbili ndani ya injini. Kazi ya kwanza ni kuzuia kugonga. Petroli na hewa vikibanwa sana ndani ya silinda, sehemu ya mchanganyiko huo hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na hapo dereva husikia mlio kama wa kokoto zikitikiswa ndani ya kopo la bati. Mlio huo si kelele tu. Ukiendelea hutoboa pistoni. Kiasi kidogo cha risasi, kisichofika gramu moja kwa lita, kilitosha kuutuliza. Ndiyo maana wahandisi wa miaka ya 1950 na 1960 waliweza kuunda injini ndogo zenye mgandamizo mkubwa na nguvu za kutosha kumfurahisha kijana.

Kazi ya pili haikukusudiwa na mtu. Valvu ya ekzosi hufunga na kufunguka mara maelfu kwa dakika huku ikipitiwa na moto, nayo huweza kuiva hata ikawa nyekundu. Kila inapoikalia siti yake, chembe za chuma cha valvu na za siti hushikana, kisha hubanduka inapoinuka. Risasi iliyoungua iliacha utando mwembamba kati ya vyuma hivyo viwili, ukavizuia kushikana. Utando ukiondoka, siti ya chuma laini huliwa kidogo kidogo, valvu huzama ndani ya silinda hedi, nafasi ya valvu hupungua hata ikaisha, na mwisho valvu haifungi tena. Gesi ya moto hupenya, valvu huungua, na silinda hupoteza nguvu. Katika injini kama yangu siti zilichongwa moja kwa moja kwenye chuma cha kusubu cha silinda hedi, kwa hiyo hakuna kinachozikinga. Hayo yote ni kweli, na anayemwambia mwenye gari la kale “mimina tu, hakuna neno” hamtendei wema.

Lakini kutoka hapo maombolezo huanza kupotoka. Hupotoka kwanza kwa kuyaweka magari yote ya kale katika kapu moja. Silinda hedi ya alumini haiwezi kuvumilia valvu ikigonga moja kwa moja juu yake, maana alumini ni laini mno. Tangu kiwandani huwekewa pete za madini magumu zaidi ziwe siti. Jaguar E-Type ni hivyo, na Datsun 240Z ni hivyo. Hii 240Z sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kutambulishwa kwayo: mwaka 1971 ilishika nafasi ya kwanza na ya pili katika Safari Rally, ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Shekhar Mehta, na mwaka 1973 Mehta akashinda nayo tena. Pete hizo hazikuwa zote za ugumu mmoja, na mwenye gari hana budi kuuliza zake ni za namna gani. Lakini kumlilia mgonjwa ambaye pengine hajaugua ni kuharakisha matanga.

Hupotoka pia kwa kutosema kasi ya ugonjwa. Siti haziliwi kwa sababu tanki lina petroli isiyo na risasi. Huliwa kwa joto na mzigo. Gari linaloendeshwa kwa saa nyingi kwa kasi kubwa, injini ikilia karibu na kikomo chake, litaumia upesi. Gari linalotoka Jumapili kwenda Limuru na kurudi kwa mwendo wa kiungwana laweza kukaa miaka mingi kabla ya geji kuonyesha jambo. Na geji yenyewe ni shahidi mwaminifu: nafasi ya valvu ikiwa inapungua kila inapopimwa, siti zinaliwa, ikiwa haibadiliki, haziliwi. Nimewasikiliza watu wakijadili risasi kwa saa mbili bila hata mmoja kutaja kipimo cha injini yake mwenyewe.

Jambo la tatu lililoachwa nje ni kwamba risasi ilikuwa mgeni mchafu hata kwa injini. Ili isirundikane kwenye silinda, watengenezaji waliichanganya na kemikali nyingine za kuisukuma nje na moshi, nazo zikazaa asidi zilizokula mabomba ya ekzosi na kuharibu oili. Plagi ziliganda ukoko. Leo plagi zangu hudumu zaidi, oili hukaa safi zaidi, na bomba la ekzosi haliozi upesi kama zamani. Sijapata kusikia mwombolezaji akilitaja hilo.

Basi dawa ni nini? Ni jambo ambalo fundi wa kuchonga vyuma hulijua vizuri. Silinda hedi hufunguliwa, siti za zamani za ekzosi huchongwa zikatoka, na mahali pake hubanwa pete za chuma kigumu, kisha valvu mpya husagwa zikae sawasawa. Kazi hiyo hufanywa mara moja. Gari langu lilifanyiwa mwaka 2008, silinda hedi ilipokuwa imefunguliwa kwa sababu nyingine, na tangu hapo nafasi ya valvu haijasogea kiasi cha kunipa shughuli. Taimingi hurekebishwa digrii chache ikiwa injini inagonga. Hapa jiografia yetu ina la kusema: Nairobi, kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, silinda hujaa kidogo, na injini hainung’uniki. Gari hilo hilo likiteremka hadi Mombasa, ambako hewa ni nzito na joto ni kali, huanza kutikisa kokoto zake likiupanda mlima wa Mazeras. Anayeelewa hivyo hurudisha taimingi nyuma kidogo kabla ya kuanza safari ya kurudi. Asiyeelewa huilaani serikali.

Hapo hutokea pingamizi la heshima zaidi, nalo ni la uasili. Gari likichongwa, husema, si lile tena; ukipenda boga, penda na ua lake. Mimi naona methali hiyo imetumiwa pasipo mahali pake. Ua la boga huota kutoka kwenye boga. Risasi haikuota kwenye gari. Ilimiminwa humo na tasnia nyingine, kwa sababu ilikuwa njia rahisi ya kuifanya petroli ya kawaida istahimili mgandamizo. Tena wenye hoja hii hawaishiki sawasawa. Breki za magari haya zilikuwa na asbesto, na hakuna niliyemwona akitafuta asbesto kwa ajili ya uasili. Matairi ya miaka ya 1960 yaliteleza barabara ikilowa, nayo tumeyaacha bila machozi. Kwa nini basi risasi peke yake iwe ndiyo roho ya gari?

Nadhani jibu ni kwamba risasi haikuonekana. Breki mbovu humtisha mwenye gari mwenyewe. Risasi ilimdhuru mwingine, kimyakimya, baada ya gari kupita. Na hapa ndipo maombolezo haya yanapoacha kuwa hadithi tamu ya wazee na kuwa jambo la kuhojiwa kwa ukali, maana sura nzima imechanwa kitabuni.

Sura hiyo yaanza tarehe 9 Desemba 1921, katika maabara ya General Motors huko Dayton, Ohio, ambako Thomas Midgley na wenzake waligundua kwamba kampaundi ya risasi iitwayo tetraethili huzuia kugonga. Spiriti, yaani ethanoli, nayo ilikuwa ikijulikana kuwa huzuia kugonga, na Midgley mwenyewe aliwahi kuifanyia majaribio. Lakini risasi ilihitajika kidogo tu na ilikuwa rahisi kumilikiwa kwa hataza. Mwezi Februari 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa kwa jina la Ethyl. Angalia jina hilo, msomaji. Kwamba risasi ni sumu kulijulikana tangu zama za Warumi, kwa hiyo neno lenyewe likaachwa nje ya tangazo. Kiswahili hakikuweza kuwafanyia wauzaji hisani hiyo. Kwetu madini hayo huitwa risasi, na risasi ni ile ile itokayo kwenye mtutu wa bunduki. “Petroli yenye risasi”: mtu akilisema polepole, jina lenyewe linatoa onyo.

Mwaka huo huo wa 1923 Midgley alilazimika kupumzika ili mwili wake upone sumu ya risasi. Oktoba 1924, katika kiwanda cha Bayway huko New Jersey, wafanyakazi watano waliotengeneza kampaundi hiyo walikufa, baadhi yao wakiwa wamerukwa na akili hata ikabidi wafungwe wasijidhuru. Daktari Alice Hamilton, mtaalamu wa magonjwa ya viwandani, alionya mwaka 1925. Hakusikilizwa. Ilichukua miaka arobaini hadi Clair Patterson, mwanasayansi aliyekuwa ameupima umri wa dunia kwa kutumia risasi ya ndani ya mawe, alipoonyesha mwaka 1965 kwamba miili ya watu wa viwandani ilibeba risasi nyingi mno kupita kiasi cha maumbile. Mwaka 1979 Herbert Needleman akachapisha uchunguzi wa meno ya watoto: wale ambao meno yao yalikuwa na risasi zaidi walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya akili, ingawa hakuna aliyewaita wagonjwa. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kijulikanacho kuwa salama.

Kwetu mwisho ulikuja kwa kuchelewa. Uingereza ilianza kuuza petroli isiyo na risasi mwaka 1986 na kuifunga ile nyingine mwanzoni mwa mwaka 2000. Marekani iliizuia barabarani kabisa mwaka 1996. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar mwezi Juni 2001 na kuazimia kuiacha, na kufikia Januari 2006 azimio likawa limetekelezwa, Kenya na Tanzania zikiwamo. Nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, iliyoacha Julai 2021. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yapo hapa Nairobi, lilipotangaza habari hiyo tarehe 30 Agosti 2021, lilikadiria kwamba hatua hiyo inaepusha vifo zaidi ya milioni 1.2 kwa mwaka.

Mimi nilikuwa mtoto wakati wa zile 240Z. Kama watoto wengi nilisimama kando ya barabara kuyangoja magari ya Safari, na yalipopita tuliukimbilia moshi wake kwa furaha, tukiuvuta kama manukato. Harufu hiyo naikumbuka hadi leo na sitaki kujifanya kwamba sikuipenda. Lakini hoja ni nyepesi kuisema na nzito kuijibu: siti ya valvu iliyoliwa ina fundi wake, na kazi yake huisha kwa siku chache. Hakuna karakana ya kuchonga siti mpya katika ubongo wa mtoto. Mwombolezaji anayepima gharama ya kuondolewa kwa risasi kwa kuhesabu silinda hedi peke yake amepima kwa mizani yenye sahani moja.

Kosa la mwisho la maombolezo haya ni la kivitendo: yanalia kwenye kaburi ambalo si lenye maiti wao. Anayetaka kweli kulilinda gari la kale leo ana maadui wengine, nao wanaingia mlangoni huku yeye akitazama dirisha.

Wa kwanza ni ethanoli, ile ile iliyoachwa miaka ya 1920. Nchini Uingereza, tangu Septemba 2021, petroli ya kawaida ina ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli huvuta maji, na gari likikaa miezi bila kuendeshwa maji hayo hushuka chini ya tangi na kuleta kutu. Hulainisha mipira ya zamani ya kupitishia mafuta hata ikapasuka na kuvuja juu ya injini yenye moto. Tena hubeba oksijeni ndani yake, hivyo kabureta iliyopangwa kwa petroli tupu hutoa mchanganyiko mkavu na injini hupata joto zaidi. Kenya nayo iliwahi kuchanganya petroli na spiriti ya miwa katika miaka ya 1980, kwa hiyo jambo hili si geni kwetu wala haliko mbali. Dawa yake ni mipira mipya inayostahimili ethanoli, na kabureta kupangwa upya. Ni kazi ya fundi, si ya mganga.

Wa pili ni wepesi wa petroli ya sasa. Imetengenezwa kwa magari yanayoisukuma kwa shinikizo moja kwa moja hadi kwenye injini. Katika MGB, kabureta hukaa juu ya ekzosi, na mtu akizima gari lenye moto mchana wa Mombasa, mafuta huchemka ndani ya bakuli la kabureta na gari hukataa kuwaka hadi lipoe. Wengi huliita jambo hili ukosefu wa risasi. Halihusiani na risasi hata kidogo.

Wa tatu ni wa nyumbani kabisa, na Kiswahili kimempa jina ambalo halina mfano: uchakachuaji. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli, nguvu ya petroli ya kuzuia kugonga huporomoka. Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuua faida ya mchezo huo, na Kenya ikafanya vivyo hivyo mwaka 2018. Ikiwa injini ya kale imetoboka pistoni katika nchi zetu, mshukiwa wa kwanza awe pipa la mafuta ya taa nyuma ya kituo, si mkutano wa Dakar.

Na kati ya maadui na waombolezaji wamesimama wauza dawa. Zipo za kumimina ambazo kweli hukinga siti; nchini Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1990, zilifanyiwa majaribio kwa niaba ya vilabu vya magari ya kihistoria na baadhi zikaidhinishwa. Kwa asiyeweza bado kuifungua silinda hedi, hizo ni msaada halali. Lakini vipo pia vidonge vya bati vya kutumbukizwa tangini, vinavyouzwa kwa hadithi za ndege za vita kuliko kwa vipimo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maombolezo ndiyo soko lao. Mtu akishaamini kwamba gari lake linakufa, hununua chochote.

Ningekuwa mhariri wa maombolezo haya, ningemrudishia mwandishi na wino mwekundu pembeni. Sehemu ya siti za chuma cha kusubu ibaki, ila iongezewe geji na tarehe za vipimo. Sehemu ya roho ya gari ifutwe. Sura ya Bayway na ya meno ya watoto irudishwe mahali pake, mwanzoni. Na kile kilio cha mwisho, cha mtu anayeona dunia inabadilisha pampu zake bila kumuuliza, hicho nisingekigusa, maana ni cha haki: mwenye gari la kale hustahili kuambiwa mapema kilichomo ndani ya petroli anayouziwa, kwa herufi kubwa, kwenye pampu yenyewe. Hilo watu hawakuambiwa mwaka 1923.